Kuzamia Mafia ukitokea Tukuyu: masikio, pumzi na safari ya kurudi mlimani

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Tukuyu, nina miaka 38. Shule zikifungwa Desemba, mimi na mume wangu tutakwenda kisiwani Mafia kwa siku tano, na kwa mara ya kwanza tutazamia kwa mtungi wa hewa tukiwa na mkufunzi. Kuogelea nilijifunza Matema, kwenye Ziwa Nyasa, lakini si hodari. Naogopa masikio, kwa sababu hata basi linapoteremka Kitonga huniuma. Mwenzangu kazini ananiambia kwamba sisi wa nyanda za juu tuna mapafu makubwa, hivyo hatutapata shida. Nizingatie nini? Na je, tunaweza kuzamia asubuhi ya siku ya mwisho, mchana tukarudi Dar es Salaam kwa ndege ndogo na usiku huohuo tukapanda basi la Kyela?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kutaja mambo ambayo wengi huyaacha, yaani umri wako, mji unaoishi na njia utakayorudi nayo. Mimi pia ni mtu wa Rungwe. Nimefundisha uzamiaji pwani kwa miaka mingi na sasa nimerudi kuishi Mbeya, kwa hiyo barabara hiyo naijua vizuri. Swali lako la mwisho jibu lake ni hapana: usizamie asubuhi kisha ukapanda ndege mchana na basi usiku. Sababu nitazieleza kwa kirefu baadaye, kwa kuwa haziwezi kueleweka kabla hatujazungumzia masikio, na masikio ndiyo yatakayokusumbua kwanza.

Maumivu unayoyapata Kitonga si kasoro ya mwili wako. Basi linapotoka Ilula na kuanza kuteremka kuelekea Mahenge na Ruaha Mbuyuni, mgandamizo wa hewa ya nje unaongezeka kila kona, ilhali hewa iliyofungiwa nyuma ya ngoma ya sikio inabaki ile nyepesi uliyotoka nayo juu. Ngoma inasukumwa kwa ndani, nawe unasikia sikio limeziba au linauma, mpaka umeze mate au upige mwayo, na hapo kijia chembamba kinachounganisha sikio la kati na koo kinafunguka, hewa inapita, na sauti za abiria zinarudi ghafla. Safari hii fanya jaribio moja dogo. Nunua chupa ya maji ya plastiki, inywe yote kabla ya kufika Mafinga, ifunge kizibo kwa nguvu na uishike mkononi. Ukifika Ruaha Mbuyuni utaiona imeingia mbavu, na Dar es Salaam itakuwa imebonyea zaidi, ingawa hakuna aliyeigusa. Wakati wa kurudi utaona kinyume chake: pakiti ya krispi uliyoinunua stendi ya Mbezi itavimba kadiri mnavyopanda, hadi ikaze kama mpira.

Sasa tazama ukubwa wa jambo hili baharini. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni angahewa 1, na Mbeya, mita 1,700 juu, ni kama angahewa 0.82. Ndani ya maji ya bahari kila mita 10 huongeza angahewa 1 nzima. Maana yake ni kwamba tofauti yote kati ya Mbeya na Dar es Salaam, ambayo basi huimaliza kwa zaidi ya kilomita 800, ni sawa na kushuka mita 1.8 tu za maji, kimo cha mtu mrefu aliyesimama. Wewe utazishuka mita hizo kwa sekunde chache. Ndiyo maana mzamiaji hasubiri sikio lifunguke lenyewe kama abiria. Analifungua yeye, na analifungua mapema.

Namna ya kufanya ni hii. Miwani ya kuzamia hufunika macho pamoja na pua, na sehemu ya pua ni laini ili uweze kuibana kwa vidole. Unabana pua, unafunga mdomo juu ya kipumulio, yaani kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, kisha unasukuma hewa taratibu kama mtu anayepenga kamasi kwa adabu, mpaka usikie masikio yote mawili yamefunguka. Anza ukiwa bado juu ya maji, rudia mara tu kichwa kinapozama, kisha rudia kila nusu mita bila kungoja maumivu. Shuka miguu ikitangulia, mkono mmoja kwenye kamba ya nanga, ili uweze kusimama mahali ulipo. Sikio likikataa, panda nusu mita, meza mate, jaribu tena. Usilazimishe hata kidogo. Taabu kubwa iko katika mita tatu au nne za kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ujazo wa hewa unapobadilika kwa kasi zaidi. Hewa iliyojaza chupa juu ya maji hubaki nusu yake ukifika mita 10. Ukishavuka mita hizo za juu kwa utulivu, zilizobaki huwa rahisi. Nakushauri uanze mazoezi ya kubana pua leo, nyumbani, mara kadhaa kwa siku, na uyatumie Kitonga. Wanafunzi wangu waliotoka Iringa, Njombe na Mbeya mara nyingi walijifunza hili upesi kuliko watu wa pwani, kwa sababu walikwisha kuizoea hali yenyewe barabarani.

Jambo moja tu linaweza kuharibu haya yote, nalo ni mafua. Unatoka mji wa mvua na ubaridi, unakaa siku nzima ndani ya basi lenye watu wanaokohoa, kisha unafika joto la pwani; ni rahisi kufika Mafia ukiwa na pua iliyoziba. Ukiwa na mafua, usizamie. Usimeze vidonge vya kuzibua pua ili ushuke, kwa kuwa dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa ndani ya sikio wakati wa kupanda, na huwezi kubaki chini ukingoja ifunguke. Nasema hivi kwa uchungu wa kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilizamia nikiwa na mafua, kwa kuwa niliona haya kuwaambia wageni kwamba sitashuka nao. Kwenye mita 6 ngoma ya sikio la kushoto ilipasuka, maji ya bahari yakaingia sikio la kati, na kwa dakika nzima dunia ilizunguka hivi kwamba sikujua juu ni upande gani. Nilikumbatia kamba ya nanga nikifuata mapovu yangu kwa macho, maana mapovu siku zote hupanda, hadi kizunguzungu kilipotulia. Nilikaa wiki nyingi bila kugusa maji.

Kuhusu mapafu makubwa, mwenzako amekosea, na kosa hilo lina hatari. Mwili wa mtu anayeishi juu huongeza uwezo wa damu kubeba oksijeni, lakini hewa iliyo kifuani hutanuka kwa kanuni ileile awe mtu wa Tukuyu au wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Ukivuta pumzi kamili kwenye mita 10 kutoka mtungini, ukaizuia na kupanda juu, hewa hiyo itataka nafasi maradufu ya ile iliyonayo, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kupanda mita moja na ushee tu huku mapafu yakiwa yamejaa na koo limefungwa kunatosha kuyajeruhi. Kwa hiyo amri ya kwanza ya uzamiaji, iliyo juu ya amri nyingine zote, ni kupumua mfululizo bila kuzuia pumzi. Muogeleaji wa ziwani amezoea kuvuta hewa, kuibana na kuzama. Tabia hiyo uiache juu ya boti. Kipumulio kikitoka mdomoni, achia mapovu madogo kwa sauti ya kuguna huku unakitafuta, na hutakuwa umezuia pumzi.

Kabla ya kuingia majini mtapewa fomu ya afya. Ijazeni kwa ukweli mtupu. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, kisukari, upasuaji wa kifua au wa sikio, ujauzito: chochote kati ya hivi kikiwapo, daktari asome kwanza na kutoa kauli yake, na mjamzito asizamie kabisa. Miaka 38 si tatizo lolote. Ikiwa mume wako anavaa miwani ya macho, aulize mapema kama kituo kina miwani ya kuzamia yenye lenzi, kwa kuwa vioo vya kawaida haviwezi kuvaliwa ndani yake.

Uogeleaji wako wa Matema unatosha kwa kuzamia kwa mara moja na mkufunzi, ambako kina huwa hakizidi mita 12. Anayetaka cheti kamili ndiye hupimwa: mita 200 za kuogelea bila kupumzika, kwa mwendo wowote, na dakika 10 za kuelea. Hata hivyo, kama mna Jumamosi moja kabla ya safari, teremkeni Matema na miwani ya kuzamia na mrija, muulize wenyeji mahali salama, mbali na midomo ya mito ambako mamba huonekana, na mkumbuke kwamba kichocho kipo ziwani, hivyo baadaye pimeni. Kule kwenye miamba ya kuelekea Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, utawaona samaki wadogo wa buluu na manjano wakila mwani juu ya mawe, na wengi wao hawapatikani popote duniani nje ya Ziwa Nyasa. Lala kifudifudi, tazama chini, pumua kwa mrija polepole kwa nusu saa. Ukizoea kupumua kwa mdomo huku uso uko majini, umeondoa nusu ya hofu ya siku ya kwanza.

Siku yenyewe itaanzia kwenye maji ya kiuno. Mkufunzi atakufundisha kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani kwa kupuliza puani, kukitoa na kukirudisha kipumulio, na ishara za mikono. Hapa kuna mtego kwa sisi Watanzania: kidole gumba kikielekezwa juu hakimaanishi safi au poa, kinamaanisha tupande juu sasa hivi. Kwa kusema uko salama, unganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara. Usikubali kuingia bahari wazi kabla mazoezi haya hayajakuwa mepesi kwako, hata kama boti linasubiri. Uliza pia mkufunzi mmoja atawashika watu wangapi; mimi nataka wageni wasiozidi wawili, kwa hiyo wewe na mume wako mnatosha. Uliza kama boti lina mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza. Na vuta pumzi mbili tatu kutoka kwenye mtungi wako ukiwa juu: hewa safi haina harufu, na ukisikia harufu ya mafuta au moshi, kataa mtungi huo.

Mmechagua mwezi mzuri. Desemba upepo wa kusi umekwisha na kaskazi inaanza, bahari ina joto, na ni msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi akichuja vijidudu vya baharini karibu na uso wa maji. Yeye hutazamwa kwa miwani na mrija, bila mtungi, na bila kumgusa. Ninyi mtazamia upande wa pili wa kisiwa, Ghuba ya Chole, ambayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Maji ya ghuba hiyo huingia na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa sana, kwa hiyo saa ya kuzamia hupangwa na kujaa na kupwa kwa maji. Mkiambiwa msubiri, msubiri bila kunung'unika.

Kitu cha kwanza utakachokigundua chini ni kelele. Watu husema bahari iko kimya, lakini mwamba wa matumbawe hulia mchana kutwa kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria lililofunikwa, na wanaolia ni kamba wadogo waliojificha kwenye mianya, wakifyatua gando. Hutajua sauti inatoka upande gani, kwa sababu majini sauti husafiri kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani na masikio yetu hushindwa kutofautisha kulia na kushoto. Juu ya sauti hiyo utasikia mara kwa mara kishindo kikavu cha kutafuna: huyo ni pono, mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, akikwangua mwani kwenye mwamba. Mtazame kwa subira, na baada ya muda utamwona akiachia nyuma yake wingu jeupe. Wingu hilo ni mwamba uliosagwa tumboni mwake, na sehemu ya mchanga mweupe mtakaoukanyaga ufukweni imepitia huko.

Rangi zitakudanganya. Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo kwenye mita 10 kitambaa chekundu huonekana cha kahawia iliyofifia, mpaka mkufunzi awashe tochi. Vitu navyo huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu kuliko vilivyo, ndiyo maana kila mgeni hunyoosha mkono kumshika samaki asiyefikika. Utawaona kitatange wakienda wawili wawili, kangaja kwa makundi, taa mwenye madoa ya buluu aliyejifukia mchangani mpaka yakabaki macho, na ukibahatika kasa akichunga majani ya bahari. Mkunga atakuwa ametoa kichwa pangoni, akifungua na kufunga kinywa chenye meno makali. Hakutishi; ndivyo anavyopitisha maji kwenye matamvua yake ili apumue. Ila usiingize mkono kwenye tundu lolote, kwa kuwa hapo mgeni ni wewe.

Lakini kama ungeniomba nikuchagulie mahali pamoja pa kutumia dakika zako, ningekupeleka mbele ya jiwe ambako samaki husafishwa, nami ningekuambia ukae hapo usiende kwingine. Ukiwa umetulia umbali wa mita mbili au tatu, utamwona chewa mzito, mwenye urefu kama mkono wako mzima, amesimama majini bila kutikisa pezi. Mbele yake anacheza samaki mwembamba wa urefu wa kidole, mwili wa buluu wenye mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mkiani. Chewa anafungua kinywa. Kile kidogo kinaingia humo, ndani ya kinywa cha mnyama anayekula samaki wa ukubwa huohuo kila siku, kinadonoa kupe wa baharini na ngozi iliyokufa katikati ya meno, kisha kinatokea pembeni kupitia matamvua yaliyopanuliwa kwa ajili yake. Chewa akitaka kufunga kinywa hujitikisa kidogo kwanza, na msafishaji huelewa akatoka. Nyuma yake wengine wamepanga foleni, hata wale ambao mahali pengine wangekulana. Nimelitazama tukio hili mara mia kadhaa, na bado huwa napunguza pumzi ili mapovu yangu yasiwashtue.

Usiguse matumbawe, wala usisimame juu yake kurekebisha miwani. Kinachoonekana kama jiwe lenye matawi ni mamilioni ya wanyama wadogo walioshikamana, na ndani ya miili yao huishi mwani unaowalisha na kuwapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani hutoka na matumbawe hubaki meupe. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka hivyo na mengi yakafa, ya Mafia yakiwamo. Mengi yaliyopo leo yamekua upya kwa sentimita chache kila mwaka. Teke moja la pezi la mguuni linavunja kazi ya miaka kumi, kwa hiyo omba mkufunzi akurekebishie vizuri vipande vya uzito vya mkanda wako wa kiunoni, uelee mlalo, na mikono ikae kifuani.

Hewa yenu itatosha. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi presha ya bar 200 (bar moja ni karibu sawa na angahewa 1) una lita 2,400 za hewa. Mgeni anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 kwenye mita 10, na ukiondoa akiba isiyoguswa, mnapata kama dakika 40. Mtaanza kutetemeka kabla ya hapo, hata ninyi mliozoea asubuhi za Tukuyu, kwa kuwa maji hunyang'anya mwili joto haraka mno kuliko hewa. Mtapanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5.

Hapo watu wengi hudhani wamemaliza kuzamia. Kwa anayelala Mafia ni kweli. Kwako wewe, Mwalimu, mzamo huo utakwisha juu ya mlima, na sasa narudi kwenye swali lako la basi.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78, na mwili hauitumii. Chini ya mgandamizo wa maji, naitrojeni huyeyuka zaidi ndani ya damu na nyama za mwili, kama gesi iliyoyeyushwa ndani ya soda. Ukipanda taratibu, hutoka kwa pumzi bila madhara, sawa na mtu anayefungua soda kidogo kidogo. Lakini kiasi fulani hubaki mwilini kwa saa nyingi baada ya kutoka majini, na kinakaa kimyakimya kwa sababu kimezoea mgandamizo wa usawa wa bahari. Ukipunguza mgandamizo huo mapema, kwa ndege au kwa mlima, ni kama kufungua soda kwa mara ya pili na kwa haraka: mapovu hujitunga kwenye viungo, ngozi, hata uti wa mgongo.

Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo, kabla ya kuruka. Saa hizo zimewekwa kwa ajili ya kimo cha kati ya mita 600 na 2,400, ambacho ndicho kimo cha hewa ndani ya ndege kubwa. Tazama sasa barabara yetu. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi, Mafinga ni juu zaidi, na baada ya Uyole basi la Kyela hupita juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremka Tukuyu. Ukiwa kwenye kiti cha basi, mwili wako unakuwa kwenye kimo cha ndege bila tangazo la rubani. Mimi huwaambia watu wa nyanda za juu wasubiri saa 24 kamili, hata kwa mzamo mmoja mfupi, ambao kwa kweli huacha naitrojeni kidogo tu. Saa hizo chache za ziada hazina gharama kubwa, na kati ya Kitonga na Mbeya hutapata chumba cha mgandamizo cha kutibu ugonjwa huu.

Kuna kijana wa Makambako niliyemfundisha, ambaye sitamsahau. Alizamia siku nne mfululizo, mzamo wa mwisho saa tisa alasiri, tukaagana vizuri. Sikumuuliza anarudije nyumbani. Kwa fikra zangu za wakati ule, asiyepanda ndege hakuwa na la kuogopa. Alfajiri alipanda basi. Aliniambia baadaye kwamba bega lilianza kumuuma walipofika Ilula, akadhani ni kiti, na kufikia Mafinga mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi vidoleni. Zahanati ya kwanza alipimwa malaria na kupewa dawa za maumivu, kwa kuwa hakutaja bahari na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Siku iliyofuata alinipigia simu kuniuliza kama aliumia kwa kubeba mtungi. Alipata oksijeni hospitalini akapona, lakini ganzi ya vidole viwili ilimkaa kwa miezi. Tangu hapo, swali la unarudije nyumbani huliuliza kabla ya mtu kuvaa mtungi.

Basi panga siku zako tano hivi. Siku ya kwanza fikeni na mpumzike, siku ya pili mzamie asubuhi. Siku ya tatu nendeni Kilindoni kwa potwe, kwa kuwa kuogelea juu ya maji na mrija hakuongezi naitrojeni ya kukutia wasiwasi. Siku ya nne ni ya kisiwa, na ya tano mnaondoka, kwa ndege ndogo au kwa boti la kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara, mnavyopenda. Mtakapofika Kitonga zaidi ya siku tatu zitakuwa zimepita. Kunyweni maji ya kutosha, na pombe iachwe jioni ya kuamkia mzamo na jioni inayofuata.

Dalili za kuangalia ni maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, hasa bega au kiwiko, ganzi au mchomo kwenye mikono na miguu, vipele vyenye kuwasha, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, au miguu kukosa nguvu. Nyingi huanza ndani ya saa chache, na karibu zote ndani ya siku moja, ila kupanda kimo kunaweza kuziamsha baadaye. Ukiziona, usiendelee kupanda mlima. Nenda hospitali, omba oksijeni, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba umetoka kuzamia kwa mtungi. Ili usisahau, andika kwenye karatasi tarehe, saa uliyoingia majini na uliyotoka, kina kikubwa ulichofika na namba ya simu ya kituo kilichokuzamisha. Mume wako naye aandike yake. Karatasi hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo buti la basi, mpaka mmalize siku mbili mkiwa nyumbani Tukuyu.